Masta ya elimu ya viziwi: nipo Mbeya, niende Lusaka, Nairobi au nibaki nyumbani?

Mwl_Isyesye

Wakuu, habari za jioni. Niende moja kwa moja.

Ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mbeya. Digrii yangu ni ya ualimu, Kiswahili na Historia. Shule yetu ina kitengo cha viziwi. Mwalimu aliyekuwa anakishika alihamishwa, mkuu wa shule akaniita ofisini akasema nikae nao kidogo mpaka aje mwingine. Mwingine hajaja mpaka leo. Alama nimejifunzia kwa watoto wenyewe, na kwa kijana mmoja kiziwi, fundi viatu pale Mwanjelwa. Jioni nikipita namnunulia chai na chapati, yeye ananisahihisha vidole na kunicheka.

Kazi nimeipenda kweli. Sasa nataka kusoma masta, na siyo elimu maalumu ile ya kugusa kila ulemavu wiki mbili mbili. Nataka elimu ya viziwi. GPA yangu ni 3.6.

Kinachonisumbua: je, inawezekana kwa mtu ambaye digrii yake ya kwanza siyo ya elimu maalumu? Na wapi? Mmoja kaniambia Nairobi, mwingine kasema Lusaka maana ni hapo tu ukivuka Tunduma, mwingine kasema nijaribu Marekani kwenye chuo chao cha viziwi. Halafu kuna hela na ruhusa ya mwajiri. Wale wa "utafaidika nini" mnakaribishwa pia, mje na hoja.

Kijana wa Mafiati

Masta ya kufundisha mabubu?? Mwalimu, chukua hiyo hela nunua bodaboda mbili, weka vijana hapo Kabwe, utanishukuru.

MikonoInasema

Kijana wa Mafiati, mabubu wanasoma humu. Mimi ni kiziwi, na bodaboda ninayo tayari. Dereva wangu anasikia vizuri sana, isipokuwa siku ya kuleta hesabu.

Mwl_Isyesye, nitarudi baadaye, nina mengi.

Mnyalukolo wa Kihesa

Kamwene mwalimu. Nipo Iringa, nilipita chuo cha ualimu Patandi kule Arusha kwa upande wa uziwi, mwaka huu bado nashika chaki.

Kabla hujafika kwenye masta, tuulizane kitu kimoja. Watoto wakikuongelesha kwa kasi yao, siyo ile kasi wanayokupunguzia kwa heshima, unawaelewa? Wakigombana mapumziko, unaweza kuamua ugomvi bila kumtumia mkubwa wao akutafsirie? Kama jibu ni "kiasi", basi hela ya kwanza usiipeleke chuo. Ipeleke kwenye Lugha ya Alama ya Tanzania. Tafuta CHAVITA, chama cha viziwi, ngazi ya mkoa, kaa na viziwi watu wazima, siyo watoto peke yao. Watoto watakufundisha lugha ya watoto, halafu utakwama siku ya kueleza uchavushaji au Vita vya Majimaji.

Nasema hivi kwa sababu nimefanya kazi na watu wenye vyeti vizito. Mtu anajua kueleza nadharia zote za usikivu, lakini mbele ya darasa anaongea kwa mdomo huku mikono inapiga alama tatu katika sentensi ya maneno kumi. Watoto wanamwangalia, wanatikisa kichwa kwa adabu, kengele ikilia wanaulizana alisema nini.

Ukija Iringa nenda ukale chakula kwenye mgahawa wa Neema Crafts. Ile kazi ilianza mwaka 2003 chini ya Kanisa Anglikana Dayosisi ya Ruaha, na wahudumu wa mgahawa ni viziwi. Asiyejua alama anaandika oda kwenye karatasi. Wewe usiandike. Agiza kwa mikono, uone kama kinachokuja mezani ndicho ulichoagiza. Huo ndio usaili wa masta ninaouamini.

Kapiri Mposhi

Nimecheka hapo kwa Neema, lakini nitapingana kidogo na Mnyalukolo nikifika mwisho.

Mwalimu, mimi ni mtu wa Tunduma, masta nilisomea Chuo Kikuu cha Zambia, UNZA, elimu maalumu. Kwanza tuondoe hadithi ya "ni hapo tu ukivuka". Kutoka Nakonde, upande wa Zambia wa mpaka, mpaka Lusaka ni karibu kilomita 1,000. Dar ni karibu zaidi kwako. Treni ya TAZARA nayo inakushusha Kapiri Mposhi, halafu unatafuta basi kama kilomita 200 nyingine. Raha ya Lusaka ni kwamba mtu wa huku hajisikii mgeni: ugali upo wanauita nshima, baridi ya Juni ipo, na nusu ya wafanyabiashara wa Nakonde tunawajua. Darasani ni Kiingereza mwanzo mwisho.

Nairobi una Chuo Kikuu cha Kenyatta, wana masta ya elimu yenye mahitaji maalumu na idara yao ni ya miaka mingi. Kampala una Chuo Kikuu cha Kyambogo, ambako kile chuo chao cha taifa cha elimu maalumu kiliunganishwa mwaka 2003. Hapo ukanda wetu ndipo utakapopata watu wengi waliobobea kwenye uziwi. Hapa nyumbani shahada ya kwanza ya elimu maalumu ipo, Lushoto pale chuo kikuu cha SEKOMU wametoka wengi, ila ngazi ya masta soma mtaala kozi kwa kozi kabla hujalipa ada ya maombi. Walimu wengi wanaishia kuchukua ile ya utawala, mipango na sera ya Chuo Kikuu Huria kwa sababu unasoma ukiwa kazini. Ni nzuri kwa anayetaka kuwa afisa elimu, lakini haikufundishi kumfundisha kiziwi kusoma.

Kuhusu digrii yako kutokuwa ya elimu maalumu, kila chuo kina msimamo wake. Wapo wanaodai usuli wa elimu maalumu, wapo wanaokupokea kwa ualimu wako na uzoefu wa darasani. Andika barua pepe kwa mratibu wa programu, siyo kwa ofisi ya udahili peke yake, na uulize mambo mawili: je, kuna mhadhiri wa uziwi atakayekusimamia tasnifu, na mazoezi ya vitendo unaruhusiwa kuyafanyia nchini kwako? Wakijibu vizuri hayo mawili, mengine yatajipanga.

Dada Ipogolo

Naweka kambi hapa. Mdogo wangu anafundisha kitengo kama hicho Mufindi.

Mwl_Isyesye

Kapiri Mposhi, shukrani sana mkuu. Hao wa Marekani je? Na umesema utapingana na Mnyalukolo, usituache njiani.

Kapiri Mposhi

Marekani chuo unachokisikia ni Gallaudet, Washington. Hati yake ya kutoa digrii ilisainiwa na Rais Lincoln mwaka 1864. Mafunzo ni kwa lugha ya alama ya Marekani na Kiingereza cha kuandika. Anayesikia anaruhusiwa kusoma uzamili pale, lakini lazima lugha yao ya alama uwe nayo, na wanaipima. Jambo lingine ambalo watu hawaambiwi: masta nyingi za elimu ya viziwi za Marekani zimejengwa kuzunguka leseni ya ualimu ya jimbo. Sehemu kubwa ya masomo ni sheria zao, mitihani yao, na mazoezi ndani ya shule zao. Ukirudi Mbeya, nusu ya begi ni vitu vya kule. Kama utakwenda, nenda kwa ajili ya isimu ya lugha ya alama na jinsi ya kufundisha kusoma, hivyo vinasafiri popote. Ufadhili angalia Fulbright. Kwa Uingereza kuna Commonwealth na Chevening. Chevening wanataka uwe na uzoefu wa kazi usiopungua miaka miwili, na ukimaliza urudi nyumbani. Oslo zamani ilisomesha Watanzania wengi sana elimu maalumu, lakini tangu 2023 Norway imeanza kuwatoza ada wanafunzi wa kutoka nje ya Ulaya, kwa hiyo usimsikilize mtu anayekuambia ni bure.

Sasa kwa Mnyalukolo. Umahiri wa alama ni lazima, hilo sibishi. Ila wapo watu wanaopiga alama vizuri ajabu na bado mtoto anamaliza darasa la saba hawezi kusoma aya moja. Kujua lugha na kujua kuifundishia ni vitu viwili. Mimi kabla ya Lusaka nilikuwa na faili za watoto zimejaa karatasi za vipimo vya masikio kutoka hospitali, na hakuna mwalimu hata mmoja shuleni aliyekuwa anazisoma. Zilikaa kwenye kabati kama hati za kiwanja. Masta ilinifundisha kuzisoma. Na kujua mtoto wako anasikia nini kunabadilisha hata mahali unapomkalisha.

MamaMakete

Samahanini kuingilia mambo ya wasomi. Mimi ni mzazi. Mwanangu wa kiume aliugua uti wa mgongo akiwa hajatimiza miaka miwili, alipopona hasikii. Sasa yuko bweni Njombe.

Hiyo karatasi unayoisema ninayo. Nimeitunza kwenye Biblia miaka yote. Ina viduara vyekundu na visalaba vya bluu, vyote viko chini kabisa karibu na namba 100. Niliambiwa "mama, hasikii", nikapewa karatasi nikaondoka. Vile viduara maana yake nini?

Kapiri Mposhi

Mama, shikamoo. Hapa ndipo mahali pake, wala hujaingilia.

Viduara vyekundu ni sikio la kulia, visalaba vya bluu ni la kushoto. Namba za pembeni kutoka juu kwenda chini zinaonyesha sauti lazima iwe kubwa kiasi gani ndipo mtoto aihisi. Kadiri alama inavyokaa chini, ndivyo sauti inavyotakiwa kuwa kubwa. Mtu anayesikia vizuri alama zake zinakaa juu, hazivuki 20 au 25. Maongezi ya kawaida ya watu wawili yako kama 60. Kwa hiyo mtoto mwenye alama karibu na 100 maongezi hayamfikii kabisa, hata ukipaza sauti. Anaweza kuhisi ngoma, honi ya lori, mlango ukibamizwa.

Namba za kutoka kushoto kwenda kulia ni unene na wembamba wa sauti. Wapo watoto ambao upande wa kushoto wako juu, wa kulia wameporomoka. Hao wanasikia "a", "o", "u" na wanakosa "s", "f", "sh". Ukimwita anageuka, ukimfundisha haelewi, basi mwalimu anamwita mkaidi. Hawa ndio wanaoonewa kuliko wote, kwa sababu kila mtu anaapa kwamba wanasikia.

Wa kwako siyo huyo, mama. Wa kwako ni kiziwi kamili, lugha yake ni ya mikono. Mtu akikuambia subiri mpaka upate hela ya vifaa ndipo aanze kujifunza, usimsikilize. Vifaa vya kusikilizia kwa kiwango hicho husaidia kidogo, vinataka betri, na ile sehemu ya kuingia sikioni inabadilishwa kila mtoto anavyokua. Upandikizaji wa vifaa ndani ya sikio Muhimbili wanaufanya tangu 2017, lakini unafaa zaidi kwa watoto wadogo kabisa, na uti wa mgongo una habari zake kwa sababu sikio la ndani linaweza kuziba kwa mfupa.

MamaMakete

Marahaba. Nimeitoa nimeiangalia tena. Asante.

Basi niseme langu kwa mwalimu aliyeanzisha. Mwanangu akija likizo anaongea mikono siku ya kwanza, siku ya pili, siku ya tatu anaacha, maana hakuna wa kumjibu. Baba yake anajua "njoo", "kula" na "lala". Bibi yake anapiga kelele. Mimi nimejifunza kidogo kwa mwalimu wake mmoja ambaye siku ya kufunga shule alitukalisha wazazi chini ya mti, akatufundisha alama za mambo ya nyumbani: kuumwa, kuogopa, kuota ndoto, kukasirika. Hiyo ya kuota ndoto ndiyo iliyonifungulia mtoto. Alikuwa anaamka usiku analia, sijui kwa nini. Kumbe ndoto.

Yule mwalimu sijui ana digrii gani. Ukisoma masta yako, mwalimu, usirudi ukawa mtu wa semina tu. Na sisi wazazi tufundishwe.

MikonoInasema

Nimerudi. Mama Makete umenitangulia kusema jambo kubwa. Zaidi ya asilimia 90 ya watoto viziwi wanazaliwa na wazazi wanaosikia. Maana yake mtoto anaingia darasa la kwanza na miaka saba, minane, wakati mwingine kumi na mbili, na hajawahi kuongea na mtu. Si kwamba hajui Kiswahili. Hana lugha yoyote, ana alama za nyumbani tu za kuomba maji na kuonyesha ng'ombe. Mtaala unamtaka aanze "a e i o u".

Mimi nilipata uziwi na miaka mitano kwa surua, kwa hiyo nilikuwa nimeshaongea. Shule niliyoanzia sitaitaja. Walimu walitaka tusome midomo. Mikono tuliwekewa chini ya dawati, ukiinua unapigwa rula. Walimu hawakuibuni wenyewe hiyo, ilitoka mbali: mwaka 1880 walimu wa viziwi walikutana Milano, Italia, karibu wote watu wanaosikia, wakapitisha kwamba kufundisha kwa kuongea ni bora kuliko alama. Shule nyingi duniani zikafuata. Ilifika 2010, kwenye mkutano kama huohuo Vancouver, ndipo wakatamka kwamba wanajutia. Miaka 130! Usiku bwenini tulikuwa tunawasha tochi moja tunaizungushia kanga, tunaongea. Alama zangu zote za maana nilizipata kwenye ile tochi.

Kiswahili cha kuandika nimekipata kwa magazeti ya kufungia maandazi ya mama yangu. Nilikuwa nayakunjua nasoma hata matangazo ya vifo.

Mwl_Isyesye, ukitaka masta nenda. Ninachokuomba uchague chuo ambacho viziwi wamo, ama wahadhiri ama wanafunzi. Ukisoma miaka miwili kuhusu sisi bila kukutana na kiziwi aliyekuzidi elimu, utarudi unatuhurumia, na huruma yako haitanisaidia kitu. Andrew Foster alikuwa kiziwi, Mmarekani mweusi wa kwanza kuhitimu Gallaudet, mwaka 1954. Akachukua masta ya elimu mwaka uliofuata, akaja Afrika, akaanzia Ghana 1957. Alianzisha shule za viziwi zaidi ya 30 barani mpaka alipokufa kwa ajali ya ndege Rwanda, 1987. Yeye alikuja na masta ndiyo, lakini watoto walipomwona waliona mtu mzima kama wao anaendesha shule.

Kijana wa Mafiati

Hii ya tochi imeniingia. Nimefuta kauli yangu ya juu, mods wakitaka waitoe. Swali la kweli kabisa: lugha ya alama si moja dunia nzima? Akisoma Zambia si itamsaidia hukuhuku?

Mnyalukolo wa Kihesa

Siyo moja, mdogo wangu. Ya Zambia ni ya Zambia, ya Kenya ni ya Kenya, na hata hapa kwetu mtu wa Tabora na mtu wa Njombe kuna alama wanapishana, kwa sababu shule zilianza kwa nyakati tofauti na kila moja na waanzilishi wake. Tabora ndiyo ya kwanza nchini, 1963. Buguruni ikaja 1974.

Na hapo ndipo hofu yangu ilipo kwa anayekwenda nje. Nimemwona mwalimu karudi na alama za ugenini, akawa anawasahihisha watoto. Anawasahihisha lugha yao! Viziwi watu wazima walimkalisha.

Kapiri Mposhi

Kweli kabisa, ila wa hivyo alilala darasani. Isimu ndiyo inayokuzuia kufanya hivyo. Tangu William Stokoe alipoonyesha mwaka 1960 kwamba alama za Marekani zina muundo wake kama lugha nyingine yoyote, mwanafunzi wa fani hii kitu cha kwanza anachofundishwa ni kwamba lugha ya alama ya mahali ndiyo mwenye nyumba.

Afisa Faili

Wakuu, mimi nipo upande wa utumishi katika halmashauri mojawapo ya nyanda za juu, nitagusa ruhusa na pesa.

Lazima uwe umethibitishwa kazini, yaani umemaliza miezi 12 ya majaribio na barua unayo. Jina lako liingie kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri kabla ya mwaka wa fedha, siyo baada ya kupata udahili. Watu wanatuletea barua ya chuo Septemba wanataka kuondoka Oktoba, tunaonekana wabaya. Ukienda bila ruhusa hilo ni kosa la utoro, usijaribu. Ukisoma nje, cheti ukirudi nacho kinapita TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kutambuliwa, kwa hiyo kabla ya kulipa hakikisha chuo chenyewe kinatambulika kwao.

Mshahara: mwalimu wa digrii anaanzia daraja la mshahara TGTS D, na usidhani masta itakurusha daraja siku ukirudi. Kupanda kunafuata muda wako, tathmini ya utendaji na bajeti. Anayekwenda kwa ajili ya mshahara ninamshauri asiende. Wengi wanajilipia kwa mkopo wa benki wa makato ya mshahara, halafu wanasoma na mawazo.

Dada Ipogolo

Hapo ndipo serikali inaponichanganya. Tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, tumeridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa 2009, tunaimba elimu jumuishi kila warsha. Mdogo wangu ana mtoto kiziwi mmoja katikati ya darasa la watoto wanaosikia, hakuna mkalimani. Amekaa mstari wa mbele, basi ndiyo jumuishi hiyo.

MikonoInasema

Kiziwi mmoja ndani ya darasa la wanaosikia bila mkalimani yuko kifungoni. Mlete pamoja na viziwi wenzake. Jumuishi waanze nayo kwenye mpira.

Mnyalukolo wa Kihesa

Haa! Na Julai mpira wenyewe mikono iko ndani ya sweta. Hili walimu wa Dar hawalijui. Njombe au Makete asubuhi ya Julai, umande umeganda, mtoto ameingiza mikono mikononi mwa koti mpaka kwapani. Unauliza swali, anajua jibu, hataki kuitoa mikono. Akiitoa vidole vimekufa ganzi, herufi ya vidole haisomeki. Kwangu kipindi cha kwanza kwa msimu huo ni mkaa kwenye jiko karibu na mlango, wanaota moto nusu duara, ndiyo tunaanza. Nusu duara yenyewe ni lazima mwaka mzima, kila mtu amwone kila mtu, na mwalimu asimame mwanga ukimpiga usoni, siyo dirisha mgongoni. Ukungu ukishuka na umeme ukikatika, somo limekwisha, hakuna anayeona mikono.

Mwl_Isyesye

Isyesye hapa ukungu tunaujua!

Nimeelewa mengi. Niulize la mwisho la kitaaluma. Nikiandika andiko la utafiti kwa ajili ya maombi, ninachokiona kila siku ni hiki: watoto wangu wa darasa la tano wanaandika "mama mimi pa kitabu". Nikiuliza kwa alama nani alimpa nani, wanajibu sahihi bila kukosea. Kwenye daftari linapotea. Kuna kitu hapo?

Kapiri Mposhi

Mwalimu, hapo una tasnifu nzima. Fikiria neno "alinipa". Mtu anayesikia tangu utoto amelisikia mara elfu, hajawahi kuligawa. Kiziwi analiona kwenye karatasi kama mstari wa herufi saba. Mbele kuna aliyetoa, kisha wakati, kisha aliyepewa, tendo lenyewe limejificha mwishoni kwa herufi mbili. Halafu siku hiyohiyo anakutana na "nilimpa", "walitupa", "tutawapa". Kwake hayo ni maneno manne mapya ya kukariri, hayana undugu. Halafu "vimepotea" na "limepotea" bado hatujagusa.

MikonoInasema

Na kwenye alama tunavyo vyote hivyo! Alama ya kupa inaondoka kwangu kwenda kwako, hapo "nilikupa". Inaondoka kwako kuja kwangu, "ulinipa". Naweza kuizungusha kwa watu watatu, "niliwapa". Mtoaji na mpokeaji wamo ndani ya mwendo wa mkono mmoja. Mwanao wa darasa la tano anajua sarufi ya kutosha, hakuna aliyemwonyesha kwamba "ni" na "m" kwenye karatasi ndiyo huo mwendo.

Mwl_Isyesye

Jamani. Kesho naanza nayo. Naandika silabi za mtendaji kwa chaki ya rangi moja, za mtendewa rangi nyingine, halafu wanasimama watatu mbele na kitabu kimoja kinatembea.

MikonoInasema

Fanya. Ila kitabu kitembee kwanza, alama ifuate, ubao uje mwisho. Na mwite yule fundi viatu wa Mwanjelwa aje asimame na wewe, umlipe kama mwalimu siyo kwa chapati.

Kapiri Mposhi

Weka kumbukumbu za madaftari kuanzia sasa, yenye tarehe, ukiwa na idhini ya mkuu wa shule na wazazi. Msimamizi yeyote wa Nairobi, Kampala au Lusaka akiona data ya muhula mzima kabla hujadahiliwa, atakugombania. Kuhusu chuo, mimi kwa andiko hili ningeanza na Kenyatta na Kyambogo kwa wakati mmoja, UNZA iwe ya tatu, ingawa ndiyo yangu.

Mwl_Isyesye

Sawa wakuu. Afisa Faili, barua ya kuomba kuingizwa kwenye mpango wa mafunzo inaanzia wapi, naileta halmashauri mwenyewe?

Afisa Faili

Hapana. Inaandikwa kwa Mkurugenzi, ila inapitia kwa mkuu wa shule, afisa elimu kata, kisha afisa elimu msingi, kila mmoja akiweka maoni na muhuri. Usiruke ngazi. Ambatisha nakala ya barua ya kuthibitishwa kazini na ueleze kwamba kitengo hakina mwalimu mwenye taaluma hiyo, hilo linasaidia kuliko maelezo yote. Ilete kabla bajeti haijaanza kuandaliwa, na ubaki na nakala yenye muhuri wa mapokezi.